Babu, bibi na mtoto anayedeka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka pande zote mbili: kwa wazazi wanaomfuata mtoto jioni wakamkuta hashikiki, na kwa babu na bibi wanaojiona wamegeuzwa wasaidizi wa kupewa masharti. Hayakujibiwa kwa kupima nani ana haki zaidi. Kipimo ni kimoja: jambo linalogombewa linamfanya nini mtoto? Kwa kipimo hicho magomvi mengi hupungua uzito, na machache huongezeka.

## Mambo ya msingi

Kudekeza ni nini hasa? Kumpenda mtoto sana ndiko kumdekeza?

Hapana. Kumbeba, kumsimulia hadithi, kumtania, kumsikiliza akieleza jambo lisiloisha: hakuna mtoto aliyeharibika kwa hayo. Kudekeza ni kumwondolea mtoto mipaka kila inapomuudhi. Anakatazwa, analia, anapewa. Anamwaga vitu, mtu mzima anaokota. Anamkosea mwenzake, bibi ndiye anayeomba radhi. Baada ya muda anajua kwamba "hapana" ni bei ya kuanzia tu, nayo hupunguzwa kwa machozi. Wahenga walishaliona hilo waliposema mchelea mwana kulia hulia yeye.

Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kuchunguza mitindo ya malezi katika miaka ya 1960, alitenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: ukunjufu wa mlezi na masharti yake. Mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili kwa wingi, na mtindo huo ndio ulioonekana kuwafaa zaidi watoto aliowachunguza. Kwa hiyo bibi anayemkumbatia mjukuu mchana kutwa lakini bado anamwambia "rudisha viatu mahali pake" hadekezi. Mzazi asiyemkumbatia mtoto lakini anayempa kila kitu ili anyamaze, huyo anadekeza.

Mtoto mchanga anaweza kuzoeshwa vibaya kwa kubebwa kila anapolia?

Katika miezi ya mwanzo, la. Mtoto wa umri huo halii kwa hila. Analia kwa sababu hana njia nyingine ya kusema ana njaa, amelowa, anaumwa au anataka mtu. Silvia Bell na Mary Ainsworth walichapisha mwaka 1972 utafiti uliowafuatilia watoto wachanga na mama zao katika mwaka wa kwanza, wakaona kwamba walioitikiwa haraka walilia kidogo zaidi miezi iliyofuata. Ulikuwa utafiti mdogo na wapo waliouhoji, ila ushauri wa madaktari wa watoto leo unaelekea upande huohuo: mbebe.

Wazo kwamba kubeba kunaharibu lina historia yake. Mwaka 1928 John B. Watson, mmoja wa wanasaikolojia waliosikilizwa sana wakati ule, aliwaonya wazazi wasiwabusu wala kuwapakata watoto ovyo; asubuhi wawape mkono tu. Ushauri wa aina hiyo uliingia katika vitabu, katika kliniki, na kisha katika vinywa vya watu ambao hawakuwahi kumsikia Watson. Kwa hiyo anayesema "mweke chini, utamzoesha mikono" huenda akawa bibi, huenda akawa mama kijana. Katika jambo hili anayembeba ndiye aliye sahihi.

Kwa nini mama yangu aliyekuwa mkali kwangu sasa hawezi kumkatalia mwanangu chochote?

Swali hili huja na uchungu, na mara nyingi ndilo lililojificha nyuma ya ugomvi wa peremende.

Sababu ya kwanza ni mzigo. Alipokulea wewe alikuwa na kazi, madeni, usingizi usiotosha, na macho ya watu waliomhukumu kwa tabia zako. Mzazi hupimwa kwa adabu ya mtoto, bibi hapimwi. Ya pili ni kwamba ameshaona mwisho wa hadithi. Anajua lipi kati ya yale aliyokugombeza kwalo lilikuwa na maana na lipi halikuwa na maana yoyote, na pengine anafidia. Ya tatu ni ya kale kuliko familia yenu: katika jamii nyingi duniani, ukali na utii hukaa kati ya kizazi na kizazi kinachofuatia, huku babu na mjukuu wakiachiwa utani. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika kuhusu mahusiano hayo mwaka 1940. Mtoto anahitaji mtu mzima mmoja nyumbani asiyekuwa na kazi ya kumkosoa.

Kama jambo hili linakuuma, liseme siku yake peke yake: "Mama, nafurahi kuona mnavyocheza. Wakati mwingine inaniuma, maana mimi sikuyapata haya." Usilichomeke ndani ya mabishano kuhusu saa ya kulala. Huko halitasikika, na saa ya kulala nayo haitapatikana.

Ni sisi tu tunaogombana?

Hapana. Kura ya maoni ya kitaifa iliyofanywa Marekani mwaka 2020 na Hospitali ya Watoto ya C.S. Mott ya Chuo Kikuu cha Michigan ilikuta zaidi ya wazazi 4 kati ya 10 wamewahi kutofautiana na babu au bibi wa mtoto kuhusu malezi. Kilichoongoza ni nidhamu, kikifuatiwa na chakula, kisha runinga na skrini nyingine. Wengi wa waliotofautiana hawakulalamika kwamba babu na bibi ni walegevu tu. Karibu nusu walisema ni walegevu katika mambo fulani na wakali kupita kiasi katika mengine.

Sheria zikiwa tofauti nyumbani na kwa bibi, mtoto hatachanganyikiwa?

Mtoto mwenye miaka mitatu tayari anajua shuleni hupandi juu ya meza na nyumbani labda unapanda. Watoto ni hodari wa kusoma mahali na mtu. Kwa bibi tunalala baadaye kidogo, nyumbani tunalala mapema: hilo halimsumbui, mradi kila mahali pana utaratibu wake na unashikwa.

Kinachomsumbua ni sheria inayoyumba mahali palepale. Leo hapana, kesho ndiyo baada ya kulia, keshokutwa hapana tena. B. F. Skinner alionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba tabia inayotuzwa mara mojamoja bila mpangilio ndiyo ngumu kuliko zote kuifuta, kuliko hata ile inayotuzwa kila mara. Ndivyo ilivyo kwa mtoto aliyewahi kushinda kwa kilio mara moja kati ya tano: atalia mara tano. Ukitaka kupigania jambo moja tu, pigania sheria zisiyumbe, na uache zitofautiane.

## Mahali ambapo hakuna kulegeza

Mambo gani si ya kujadiliwa hata kwa heshima ya wazee?

Yale yanayoweza kumdhuru mtoto kwa mara moja tu. Ni machache, na uchache wake ndio unaoyapa nguvu.

Mtoto mchanga alazwe chali, juu ya godoro gumu kiasi, bila mito wala mablanketi mazito. Asipewe asali kabla ya kutimiza miezi 12, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulismu, ugonjwa wa kupooza misuli, ambavyo utumbo wake bado haujaweza kuvishinda. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, bila hata maji, hivyo "kumwonjesha kidogo tu" kusubiri. Kwa wadogo, karanga nzima, zabibu nzima na peremende ngumu zinaweza kuziba koo. Betri ndogo za mviringo, zile za rimoti na vitu vya kuchezea, zikimezwa zinaweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Kwenye gari mtoto akae katika kiti chake, hata kama safari ni ya dakika tano na hata kama analia. Karibu na maji mtu mzima awepo, macho yake yakiwa kwa mtoto.

Mengine yote, kuanzia peremende hadi viatu vya kumulika, yana nafasi ya mazungumzo. Mzazi anayepigania rangi ya kikombe kwa nguvu ileile anayopigania kiti cha gari hupoteza vyote viwili.

"Sisi tuliwalea hivyohivyo na mkapona." Nijibu nini?

Anza kwa kukubali kwamba walifanya walichoelekezwa. Kwa miongo kadhaa wataalamu wenyewe walishauri mtoto alazwe kifudifudi ili asikabwe na matapishi. Utafiti wa miaka ya 1980 ndio uliogeuza mambo. Uingereza ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga vikapungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Bibi aliyemlaza mtoto kifudifudi mwaka 1980 alikuwa mtiifu kwa daktari wake.

Ukisema hivyo unamtoa kwenye kizimba. Baada ya hapo hoja ya "mkapona" inajibika kwa upole: waliopona ndio waliobaki kusimulia. Njia nyepesi zaidi ni kumpeleka bibi kliniki siku ya mtoto, amsikie muuguzi kwa masikio yake. Neno la mtoto uliyemzaa ni gumu kulimeza. La mtu mwenye koti jeupe hushuka vizuri.

Dawa je?

Swali hili watu husahau kuliuliza. Nyumba ya wazee mara nyingi ina vidonge vya presha, sukari au moyo, ndani ya mkoba au juu ya kabati la kitandani, wakati mwingine katika vikasha vya siku saba ambavyo mtoto hufungua bila shida. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumzidi mtoto. Ziwekwe juu na kufungiwa. Aspirini asipewe mtoto bila agizo la daktari, kwa sababu ya hatari ya ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini hudhuru ubongo na ini. Dawa ya homa hupimwa kwa uzito wa mtoto, hivyo mwachie bibi kipimo kilichoandikwa kwa kalamu.

## Vitamu, zawadi, skrini na siri

Kila anapokwenda kwa bibi anapewa vitu vitamu. Nipige marufuku?

Inategemea anakwenda mara ngapi. Mara moja kwa mwezi, acha. Hiyo ni sherehe, na kumbukumbu ya utamu wa kwa bibi ni mali ya mtoto. Kila siku ni habari nyingine, kwa sababu hapo bibi si mgeni tena katika lishe ya mtoto, ni nusu ya lishe yenyewe. WHO ilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na iliyo kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida asilimia 5 ni kama vijiko 6 vya chai. Mtoto mdogo ana nafasi ndogo zaidi, na chupa moja ya soda huimaliza yote.

Marufuku kamili ina kasoro yake. Jennifer Fisher na Leann Birch walionyesha mwaka 1999 kwamba chakula ambacho watoto wanakiona lakini wamezuiwa kukigusa huwavutia zaidi. Kinachofanya kazi ni kumpa bibi jambo lake: kitu kimoja kitamu, baada ya mlo, yeye ndiye achague. Bibi anabaki na furaha ya kutoa, mtoto anajua ni kimoja, nawe huna haja ya kupekua mifuko. Meno yapigwe mswaki kabla ya kulala. Hilo liwe sharti.

Bibi humwambia "maliza kula nikupe peremende". Kuna ubaya?

Upo, mdogo. Mtoto anajifunza kwamba chakula ni adhabu na peremende ndiyo tuzo. Vivyo hivyo kwa kumlipa afanye anachokipenda tayari: Mark Lepper na wenzake walichapisha mwaka 1973 jaribio ambamo watoto waliopenda kuchora waliahidiwa tuzo kwa kuchora, na baadaye, tuzo ilipokwisha, wakachora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Mwombe bibi ampe peremende bila masharti, kwa sababu tu anampenda. Atashangaa kusikia ombi hilo kutoka kwako.

Zawadi ni nyingi mno, nyumba imejaa.

Usiseme "acheni kuleta". Sema mtoto anahitaji nini, mapema, kabla ya sikukuu. Baadhi ya vitu vibaki kwa bibi. Huko vitakuwa vipya kila mara. Na kama babu anapenda kutoa, mwombe atoe kile ambacho wewe huwezi: kumfundisha kuendesha baiskeli, kucheza bao, kushona kifungo, kupanda mbegu na kuisubiri iote.

Kuna zawadi za kuulizwa kwanza bila mjadala: simu, mnyama wa kufuga, na kitu chochote ambacho mzazi atakigharimia au kukihudumia baada ya mtoaji kuondoka.

Runinga na simu kwa bibi havizimwi.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka 1 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Kabla ya kuutaja, jiulize bibi anatumia runinga kwa nini. Kama ni kwa sababu magoti yanamuuma na mtoto anakimbia, tatizo lako ni magoti. Punguza saa za kumwachia, tafuta msaidizi wa kijana wa jirani, au peleka vitu vya kukaa chini navyo. Simu ya video na babu aliye mbali ihesabu kama mazungumzo.

"Usimwambie mama." Bibi humpa mjukuu vitu na pesa kwa siri.

Hapa inafaa kusimama. Pesa yenyewe ni ndogo, na siri ina utamu wake, kila aliyekuwa na bibi anaujua. Lakini mtoto anayezoea kwamba mtu mzima anayempenda anaweza kumwambia "hii ni siri yetu, mama asijue" amefundishwa jambo litakalomtumikia mtu mwingine vibaya. Wanaowadhuru watoto huanza hivyohivyo: kwa kitu kitamu na siri ndogo.

Mweleze bibi hivyo, waziwazi, na bila kumtuhumu: "Mama, mpe. Sikatai umpe. Naomba tu asifundishwe kunificha, maana kesho anaweza kuwa mtu mwingine." Wengi wa waliokuwa wakibishia kila kitu hulikubali hili mara moja. Kisha fundisheni wote lugha moja. Jambo la kushtukiza, kama zawadi ya sikukuu, lina siku litakapojulikana, hivyo linaruhusiwa. Siri isiyo na mwisho hairuhusiwi, na mtoto hatagombezwa kamwe kwa kuisema. Sharti hilo la mwisho ni lako wewe mzazi: ukimgombeza bibi mbele ya mtoto aliyekwambia, hatakwambia tena.

## Nani aseme, na aseme vipi

Mama mkwe ndiye anayedekeza. Niseme mimi au mwenzangu?

Mwenzako. Kila mmoja azungumze na wazazi wake. Neno linalotoka kwa mwana husahaulika baada ya chakula cha jioni. Likitoka kwa mkwe linaweza kusimuliwa miaka kumi. Kabla ya hapo wawili nyinyi mkubaliane, maana mara nyingi inagundulika hapohapo kwamba mwenzako hakuona tatizo lolote. Basi hilo ndilo mazungumzo ya kwanza, na mama mkwe asubiri.

Na asiseme "mke wangu hataki" au "mume wangu anakataa". Aseme "tumeamua".

Nitasemaje bila kumvunjia heshima?

Chagua wakati ambao hakuna kilichotokea. Usiseme mlangoni ukiwa umembeba mtoto anayelia, wala kwa ujumbe wa simu usiku. Anza na unachoshukuru, kwa kitu halisi, kisha ombi moja lenye sababu yake. "Baba, tangu aanze kushinda kwako anajua majina ya ndege wote. Kuna kitu kimoja nakuomba: akilala mchana baada ya saa kumi, usiku halali na mimi naamka alfajiri. Unaweza kumwamsha mapema?" Kisha nyamaza, umsikilize. Pengine atakwambia mtoto huanguka usingizini kwa uchovu kwa sababu unamwamsha mapema mno, na atakuwa na haki.

Ombi moja kwa kikao. Orodha iliyochapishwa na kubandikwa ukutani kwa wazazi wako ni tusi, hata iandikwe kwa herufi nzuri kiasi gani. Isipokuwa ya dharura: dawa, mzio, namba za simu. Hiyo bandika.

Nikimkataza mtoto, babu anampa hapohapo mbele yangu.

Katika yote yaliyoulizwa, hili ndilo linalomharibu mtoto kwa hakika zaidi. Peremende yenyewe ni ndogo. Aliyoona mtoto ni makubwa: kwamba neno la mama lina mwenye kulitengua, na kwamba kati ya watu wazima wawili kuna mwanya anaoweza kupita. Atapita. Atamuuliza babu kabla ya kukuuliza wewe, atabeba jibu la mmoja kwenda kulipima kwa mwingine, na siku moja atasema "babu kasema wewe hujui kulea".

Wakati huo usibishane. Mwambie mtoto kwa utulivu: "Leo babu amekupa, sawa. Mimi na babu tutazungumza." Umeonyesha kwamba umeona, na kwamba watu wazima hujadili bila yeye. Mtoto akishalala ndipo useme na mzee, na ombi lako liwe jepesi kulitimiza: "Ukiona nimekosea, niite pembeni. Nikiona una haki, nitarudi mwenyewe nimwambie nimebadili mawazo." Timiza sehemu yako. Mzee akiona mara moja tu kwamba rufaa yake ya faragha imesikilizwa, hamu ya kukupinga hadharani hupungua sana.

Na kanuni ni ya pande mbili. Mzazi anayemsemesha babu kama mtoto mbele ya mjukuu naye anafungua mwanya uleule.

Alikubali, kisha akaendelea vilevile.

Ndilo jambo la kawaida. Katika kura ya maoni iliyotajwa juu, kati ya wazazi walioomba babu na bibi wabadilike, karibu nusu walisema wamebadilika kweli, zaidi ya theluthi wakasema walikubali kwa mdomo tu, na waliobaki wakasema walikataa waziwazi.

Kukubali kwa mdomo mara nyingi ni heshima, au njia ya kumaliza mazungumzo. Rudia mara moja, ukiuliza kinachomzuia badala ya kurudia kanuni. Kama ni jambo dogo, amua kama unaweza kuishi nalo. Kama ni la usalama, badili mazingira usitegemee ahadi: mtoto asiachwe peke yake huko, mkutane kwako, au uwepo. Sema sababu kwa ufupi na usiifanye adhabu.

Bibi ndiye anayelea mchana kutwa bila malipo. Nina haki gani ya kumwekea masharti?

Kwa usalama, haki yote. Kwa mengine, ndogo kuliko unavyotaka. Mtu anayeshika mtoto saa tisa kwa siku hawezi kuwa mtekelezaji wa maagizo yako dakika kwa dakika. Lazima awe na mamlaka yake, la sivyo mtoto atamshinda. Mwachie mpango wa mchana wake. Baki na mambo mawili au matatu.

Pia ongeeni kuhusu uchovu. Ulegevu mwingi unaoitwa kudekeza ni uchovu tu wa mtu mwenye umri mkubwa: kukubali ni rahisi kuliko kubishana. Kama huwezi kuvumilia namna anavyolea na huwezi kulipia malezi mengine, kubali kwamba unachagua kati ya kasoro mbili.

Tunaishi nyumba moja, na nyumba ni yao.

Sheria za nyumba ni zao: kelele, sebule, saa za kufunga mlango. Sheria za mtoto ni zenu: shule, afya, adhabu, usingizi. Zinapogongana, kaeni chini. Katika nyumba ya pamoja jibu la swali la kupingwa mbele ya mtoto ni muhimu mara mbili, kwa sababu mtoto hana safari ya kurudi nyumbani inayomwonyesha kwamba utaratibu umebadilika.

## Kwa babu na bibi

Naona mzazi ndiye anayekosea. Ni mkali mno. Ninyamaze?

Usinyamaze, ila usimfidie mtoto kwa siri. Kila unapolegeza kisirisiri, mzazi anakaza zaidi akiona mambo yamelegea, nawe unalegeza tena. Zungumza na mwanao kwa kuuliza: "Umeona nini kilichokufanya uamue hivi?" Huenda kuna jambo la shule au la afya hujaambiwa.

Usianze na "mimi nililea watano". Mwanao ni mmoja wa hao watano na ana kumbukumbu zake.

Kama ukali ni wa kupiga, kunyima chakula au kumdhalilisha mtoto, hapo si tofauti ya mitindo tena. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataka mtoto alindwe dhidi ya ukatili hata akiwa mikononi mwa wazazi wake. Tafuta msaada wa ustawi wa jamii.

Nimeambiwa nisimbembeleze anapolia.

Kama ni mchanga, angalia swali la kubebwa hapo juu. Kama ni mkubwa, mbembeleze, ila usibadilishe jibu. "Najua ulikitaka sana. Njoo ukae hapa." Machozi yanafarijiwa; kilichokataliwa kinabaki kimekataliwa.

## Hali za pekee

Anampendelea mjukuu mmoja waziwazi.

Sema mapema, na sema kwa mifano. Anayependelewa naye huumia, kwa sababu ndugu zake watamlipiza yeye, hawatamlipiza bibi. Usipunguze anachopewa, omba wengine wapewe muda wao wa peke yao. Mara nyingi upendeleo ni mazoea tu: huyu ndiye aliyezaliwa wa kwanza, au ndiye aliyeishi naye.

Mzazi mmoja amefariki, na wazazi wake wanampa mtoto kila kitu.

Hao wanaomboleza. Katika uso wa mtoto wanamwona waliyempoteza, na kumkatalia ni kama kumkatalia yule. Nenda polepole, na upime kwa miezi, si kwa wiki. Wape njia nyingine ya kutoa: picha, masimulizi, mahali alipochezea. Mtoto aliyefiwa naye anahitaji utaratibu wa kawaida kuliko wakati wowote, na hilo linaweza kusemwa kama ombi la kusaidiana.

Ninaweza kuwakataza kabisa wasimwone mtoto?

Sheria hutofautiana sana. Nchini Ufaransa, kifungu cha 371-4 cha Sheria ya Kiraia kinampa mtoto mwenyewe haki ya kuwa na uhusiano na babu na bibi zake, na ni maslahi ya mtoto tu yanayoweza kuizuia. Nchini Marekani, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2000, katika kesi ya Troxel dhidi ya Granville, kwamba uamuzi wa mzazi anayefaa lazima upewe uzito wa pekee. Uliza mwanasheria wa mahali ulipo.

Kukata uhusiano kuna mahali pake: ukatili, ulevi mtoto akiwa mikononi, kumchafulia mzazi jina kila siku mbele ya mtoto. Kwa peremende, la. Kati ya kuacha mambo yalivyo na kukata kabisa kuna hatua nyingi: ziara fupi, ziara mkiwepo, kukutana nje.

Bibi anarudia kumlisha, anasahau tuliyokubaliana jana, anampa dawa mara mbili.

Usilihesabu hili katika kudekeza. Mtu aliyekuwa makini akaanza kusahau makubaliano ya jana, kurudia maswali au kupotea njia aliyoizoea, anahitaji kupimwa na daktari. Masharti mapya hayatasaidia, na lawama zitamtia aibu tu. Mpaka hapo mtoto asiachwe naye peke yake, wala kubebwa naye kwenye gari. Wakae pamoja mtu mwingine akiwepo, na kazi ya dawa na jiko ihamishwe kimyakimya kwa mtu huyo. Mtoto mkubwa kiasi aambiwe ukweli kwa maneno mepesi: bibi anasahau kwa sababu ya ugonjwa, akikupa kitu cha kumeza njoo uniulize kwanza.